Peugeot 504 iliyo juu ya mawe: kusoma dalili kabla ya kushika spana

Ukiamua kufufua nyumbani Peugeot 504 iliyogongwa au iliyoachwa juu ya mawe miaka mingi, siku za kwanza usifungue hata nati moja. Zitumie kusoma dalili. Miradi mingi ya aina hii hufia uani kwa sababu mwenye gari alianza na kile kinachomfurahisha, injini iungurume au rangi ing'ae, na fedha zilipokaribia kwisha ndipo akagundua kwamba bodi imepinda au boriti za chini zimeliwa na kutu. Mpangilio ninaoutetea ni huu: mifupa ya gari kwanza, injini pili, breki na umeme baadaye, rangi mwisho kabisa.

Nimechagua 504 kwa sababu ndiyo gari la zamani ambalo mtu wa kawaida wa huku anaweza kulipata na kulimudu. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likawa Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na kwa miaka mingi likaunganishwa Mombasa. Stesheni wagoni yake ilibeba abiria wa safari ndefu Kenya nzima. Kwenye Safari Rally, Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6 mwaka 1978. Gari lenye historia hiyo kwenye barabara zetu halistahili kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na ninasema hivyo nikijua kazi yake si ndogo.

Jambo moja la karatasi, kisha tuendelee. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ile iliyo kwenye logbook kabla hujalipa chochote. Zikitofautiana, au namba ikionekana imesagwa na kugongwa upya, acha gari hilo hata kama bei ni ya bure. Hakuna fundi wa kutibu tatizo hilo.

Dalili: mlango umeshuka na haufungi vizuri

Hii ndiyo dalili yenye thamani kuliko zote, na watu huipuuza kwa kuinua mlango kwa mkono na kuusukuma kwa goti. Ina sababu tatu, na gharama zake zinapishana sana.

Fungua mlango nusu, shika ncha yake ya nyuma, unyanyue. Ukicheza juu na chini wakati bawaba hazisogei kwenye nguzo, pini za bawaba zimelika. Hiyo ni kazi ya siku moja. Kama bawaba zenyewe zinasogea pamoja na bati la nguzo, kutu imeingia ndani ya nguzo, na hapo kuna kukata na kuchomelea. Kama hakuna kinachocheza na bado mlango hauingii mahali pake, basi gari lenyewe limelegea katikati.

Kuhakikisha sababu hiyo ya tatu, funga milango yote, tazama upenyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kisha inua upande huo kwa jeki mahali pake pa jeki. Upenyo ukibadilika, ukabana au ukapanuka, boriti ya chini ya milango haibebi tena uzito. Saluni na stesheni wagoni za 504 hazina chasisi ya pekee kama Land Rover za zamani. Bodi ndiyo chasisi, na boriti hizo mbili ndizo zinazoshikilia sehemu ya mbele na ya nyuma zisiachane. Kama jeki yenyewe inazama ndani ya bati, huhitaji kipimo kingine.

Boriti ikishathibitika kuwa imeoza, panga hivi. Kabla ya kukata chochote, chomelea vyuma vya muda kwenye uwazi wa milango, kimoja cha kulala na kimoja cha mshazari, ili nguzo zisikaribiane wala kuachana. Kata upande mmoja tu, umalize, ndipo ugeukie wa pili. Fundi akikuambia atakata pande zote mbili siku moja ili kuokoa muda, mtafute mwingine. Gari lililokatwa pande zote bila vyuma vya muda hujikunja kwa uzito wake lenyewe, na bati jipya litachomelewa likiwa limefuata mkunjo huo. Milango haitafunga tena vizuri, na wakati huo kila kitu kitakuwa kimeshapakwa rangi.

Dalili: kutu ndogo ndogo chini ya rangi

Vipele vya rangi kwenye madigadi na chini ya milango hudanganya. Unachokiona nje ni kutu iliyoanzia ndani na sasa imetokeza. Chukua bisibisi butu na sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba. Pitisha sumaku polepole chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu, na pembeni mwa kioo cha mbele. Inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti nene, yaani ule udongo wa kuzibia bati. Kwa bisibisi, bonyeza sakafu chini ya zulia, sakafu ya buti mahali pa tairi la akiba, na vile vikombe vya juu ambako shokapu za mbele zimefungwa. Usione haya kubonyeza kwa nguvu. Bati zima halitobolewi na bisibisi butu.

Kwa magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Lamu, chumvi ya hewani hufanya kazi hata gari likiwa limesimama. Gari lililokaa Nakuru au Dodoma mara nyingi lina rangi iliyoungua kwa jua na raba zilizopasuka, lakini bati lake ni zima. Ukiwa na hiari, nunua la bara hata kama linaonekana bovu zaidi. Rangi hununuliwa tena, lakini bati la vikombe vya shokapu likioza kazi yake ni ya fundi mzuri sana, na hao si wengi.

Dalili: gari limewahi kugongwa, na hujui kwa kiasi gani

Boneti yenye upenyo mpana upande mmoja, taa moja iliyorudi nyuma kidogo, tairi la mbele lililokaribia nyuma ya tao lake. Kwanza pima umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Kwenye saluni ni mita 2.74, na kwenye stesheni wagoni ni mita 2.90. Muhimu zaidi ya namba hizo ni pande mbili kulingana. (Usitumie kipimo hiki kwa Renault 4: pande zake mbili hazilingani tangu kiwandani.)

Pande zikitofautiana, bado hujajua kama kilichopinda ni mkono wa gurudumu au ni bodi. Hapa ndipo timazi ya mwashi inapofaa. Weka gari kwenye sakafu ya sawa, likiwa juu ya stendi imara. Chagua matundu au bolti za kiwandani zilizo sawasawa kulia na kushoto: mbili mbele, mbili katikati, mbili nyuma. Teremsha timazi kutoka kila moja, weka alama ya chaki sakafuni, kisha pima mishazari kutoka alama hadi alama. Mishazari ikilingana, bodi ni nzima, na tatizo liko kwenye mikono, bushi au ekseli, vitu vinavyofunguliwa na kubadilishwa. Mishazari ikitofautiana zaidi ya milimita 5 hivi, rudia kupima. Jibu likiwa lile lile, bodi imepinda.

Kunyoosha bodi iliyopinda hakufanyiki uani kwa mnyororo na mti wa mwembe. Nimeona watu wakijaribu. Bati hurudi mahali pake kwa macho, lakini kipimo hakirudi, na gari litakula matairi maisha yake yote. Hiyo ni kazi ya gereji yenye fremu ya kuvutia, nawe uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kagua pia mikunjo midogo: sakafu chini ya pedali, chini ya nguzo za kioo cha mbele, na paa juu ya nguzo ya katikati. Rangi ya zamani iliyopasuka kwa mistari mahali hapo ina maana kwamba pigo lilipita mwili mzima. Paa likiwa na mawimbi, ushauri wangu ni kulifanya gari hilo la kutolea spea na kutafuta bodi nyingine. Ninajua inauma, hasa kama lilikuwa la baba.

Dalili: injini haizunguki

Usiunganishe betri na kupiga stata. Pistoni zilizoshikwa na kutu zikivutwa kwa nguvu huvunja ringi na kuchubua silinda. Toa plagi zote nne, mimina kijiko kimoja au viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili ya gea boksi ya otomatiki kwenye kila tundu, funika, acha siku kadhaa. Kisha weka gea huru na ujaribu kuzungusha kwa spana kwenye nati ya krankshafti, mhimili mkuu wa injini, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ikisogea hata kidogo, una matumaini. Ongeza mchanganyiko, subiri, rudia. Papara hapa ni hasara tupu.

Kabla ya kuilaumu injini, hakikisha kilichoshika si kitu kingine. Legeza mkanda wa feni, maana alternator au pampu ya maji ikiganda inaweza kuzuia kila kitu. Stata nayo inaweza kuwa imeng'ata meno na kukataa kurudi.

Ikishazunguka, pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni, ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi hivi, tia kijiko cha oili ndani yake na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda zimelika. Kisipopanda, tazama vali. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao.

Dalili: oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa

Maji yameingia kwenye oili. Fundi mwenye haraka atasema "gasketi" na kuanza kufungua hedi. Kwenye 504 ya petroli, ngoja kwanza. Silinda zake ni slivu zinazopachikwa ndani ya bloku, na maji ya kupozea yanazigusa moja kwa moja. Chini ya kila slivu kuna sili, na sili hiyo ikichoka maji hudondoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, bila kupita kwenye gasketi ya juu hata kidogo.

Kutofautisha, mwaga oili, shusha sampu, jaza maji, kisha tia presha ndogo kwenye rejeta kwa pampu ya kupimia, isizidi ile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Lala chini na tochi. Matone yakitoka kwenye mzunguko wa chini wa slivu, sili ndiyo mgonjwa. Chini kukiwa kukavu na presha bado inashuka, tazama gasketi au hedi yenyewe, ambayo ni ya aluminiamu na hupinda injini ikichemshwa mara nyingi.

Na hapa kuna onyo linalookoa fedha nyingi: hedi ikishafunguliwa, usizungushe krankshafti kabla ya kuzibana slivu kwa vyuma na bolti. Pistoni ikipanda hunyanyua slivu, sili ya chini huharibika, na injini iliyokuwa na tatizo moja sasa ina mawili. Slivu pia zinatakiwa kutokeza juu ya bloku kwa kiasi kidogo sana kilichowekwa na kiwanda, ili zibane gasketi. Fundi wako lazima apime utokezaji huo. Akishangaa unazungumzia nini, hajawahi kufungua injini ya namna hii.

Faida ya muundo huu ni kwamba injini iliyolika haihitaji kutobolewa upya. Unanunua seti ya slivu na pistoni zake na kupachika. Injini ya cc 1971 ina pistoni za milimita 88 na ile ya cc 1796 ina za milimita 84, kwa hiyo pima ya kwako kabla ya kwenda barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kutafuta spea. Usiamini beji ya nyuma ya gari, kwani injini nyingi zimeshabadilishwa.

Dalili: linachemsha kwenye foleni, barabara kuu halichemshi

Likichemsha popote, shuku rejeta iliyoziba, thamostati au pampu. Likichemsha kwenye foleni tu, shuku feni. 504 nyingi zina feni inayoshikwa na sumaku ya umeme: maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme kupitia brashi ndogo ya kaboni, sumaku hushika, feni huzunguka pamoja na pampu. Brashi ikiisha au waya ukikatika, feni huzubaa. Injini ikiwa imepata moto, izime, chomoa waya wa swichi ya joto na peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye brashi. Ukisikia sumaku ikishika, feni ni nzima na swichi ndiyo imekufa. Isiposhika, anza na brashi, ambayo ni spea ndogo sana. Watu wametupa rejeta nzima kwa sababu ya kipande cha kaboni kisichozidi ncha ya kidole.

Dalili: gurudumu limeshika, gari halisukumiki

Usilivute na gari jingine. Legeza nipeli ya kutolea hewa kwenye breki ya gurudumu hilo. Gurudumu likiachia, presha ilikuwa imenaswa: bomba la mpira la breki limevimba ndani, au masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, hairudishi oili. Funga nipeli, kanyaga breki lishike tena, kisha legeza bomba la chuma kwenye masta silinda. Likiachia hapo, masta ndiyo tatizo. Lisipoachia, badilisha bomba la mpira. Kama hata nipeli ikiwa wazi gurudumu bado limeshika, kilichoganda kwa kutu ni breki yenyewe, kwa mfano pistoni ya kalipa.

Kwa gari lililolala miaka mingi, mipira yote ya breki inabadilishwa bila mjadala, hata inayoonekana mizuri.

Dalili: umeme unaofanya vituko

Ukiwasha indiketa, taa kubwa zinafifia. Ukikanyaga breki, taa ndogo zinawaka. Karibu kila mara ni ethi mbaya, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Safisha kwa msasa mahali waya wa ethi unapokutana na bodi, pale kwenye betri, injini na kila taa, kaza upya, paka grisi. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka inatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Panya wakiwa wamekula waya chini ya dashibodi, usiunge vipande kwa tepu. Badilisha fungu zima la sehemu hiyo. Waya ulioungwa ovyo huchoma magari.

Kwa kuwa tumetaja moto: tanki la petroli lililotoboka lisichomelewe nyumbani, hata likiwa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki hulipuka. Na kabla ya kuchomelea sakafu ya nyuma, tanki litolewe kabisa na lipelekwe mbali.

Dalili: mradi umesimama

Hii nayo ni dalili, na ina sababu zake. Ya kwanza ni kufungua gari lote kwa mpigo. Fungua sehemu moja, tibu, rudisha, ndipo ufungue nyingine. Piga picha kabla ya kila hatua, tia bolti za kila kifaa kwenye mfuko wake na uandike jina juu yake. Spea ya zamani usiitupe hadi mpya iwe imefungwa na kufanya kazi, kwa sababu mara nyingi mpya huja na tundu lisilolingana.

Ya pili ni gari kutawanyika: hedi iko kwa fundi huyu, viti kwa yule, rejeta kwa jamaa aliyehama. Andika daftarini kila kilichotoka nyumbani, nani anacho na umelipa kiasi gani. Fundi wa kunyoosha bodi alipwe kwa hatua: vyuma vya muda vikiwekwa, upande wa kwanza ukikamilika, na kadhalika. Ukimlipa yote mwanzoni, gari lako litasubiri nyuma ya la anayelipa leo.

Ya tatu ni rangi ya mapema. Puti isizidi milimita 3, kwa kulainisha bati lililokwisha kunyooshwa, kamwe isiwe ya kujaza shimo. Na rangi za kisasa zinazochanganywa na kikaushio zina sumu inayoharibu mapafu. Kipande cha kitambaa mdomoni hakizuii kitu. Mpe fundi wa rangi mwenye chumba na barakoa yenye hewa yake, nyumbani ubaki na msasa na praima.

Gari likishasimama kwa miguu yake, safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani, na mtu wa pili nyuma yako. Ukirudi, gusa kila rimu kwa tahadhari: yenye moto kuliko wenzake ina breki inayobana. Acha injini ipoe usiku kucha, asubuhi tazama chini kama kuna tone, pima oili na maji, kaza tena nati za magurudumu na, kama kiwanda kinaagiza hivyo kwa gasketi uliyotumia, bolti za hedi, kuanzia za katikati kwenda nje.